Mahandaki ya Browndown: picha ya ndege inaona nini ambacho mguu hauoni?

Msomaji wetu mmoja, mzaliwa wa Taita anayeishi Southampton, kusini mwa Uingereza, ameuliza hivi: "Nimesoma kwamba picha ya ndege ya miaka ya 1950 ilifichua mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza kwenye nyika ya Browndown, karibu na mji wa Gosport. Nimepita pale mara kadhaa na wanangu na sikuona zaidi ya kokoto na vichaka. Kwanza, mahandaki yanatafuta nini Uingereza wakati vita vilipiganwa Ufaransa na Ubelgiji? Pili, picha iliyopigwa kutoka juu kiasi hicho inaonaje kitu ambacho mimi nimekikanyaga bila kukiona? Na je, kule kwetu, ambako wazee walitusimulia vita vya Mjerumani, picha kama hizo zinaweza kusaidia?"

Hukukosa kuona kwa uzembe, dada. Nyika ile ni mali ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, na watu wamepita humo miaka nenda miaka rudi bila yeyote kuwa na habari na kilicho chini ya miguu yao. Habari zilitoka mwaka 2014, Waingereza walipokuwa wanajiandaa kuadhimisha miaka 100 tangu vita vianze. Afisa wa uhifadhi wa halmashauri ya Gosport alikuwa akitazama picha ya zamani ya angani, akaona mistari iliyopindapinda kwa mpangilio ambao njia ya miguu haina na mfereji wa maji hauna. Ndipo akaenda kuitafuta ardhini. Magazeti yakatangaza kwamba eneo zima linatosha viwanja 17 vya mpira. Binafsi kipimo hicho hakiniambii kitu. Kinachoniambia ni kwamba pale pana mifumo miwili ya mahandaki inayotazamana, kila mmoja una mstari wa mbele wa mita 200 hivi, na katikati kumeachwa uwanja mtupu. Yaani kulikuwa na upande wa kwetu, upande wa adui, na kati yao ile ardhi isiyo na mwenyewe ambayo wanajeshi wa vita vile waliiogopa sana. Si kila eneo la mazoezi lina vyote hivyo. Mahali pengine utakuta kipande cha handaki walichochimba watu wa kujifunza kushika sepetu, basi. Browndown ulikuwa uwanja wa vita kamili, uliokosa risasi za kweli tu.

Sasa kwa nini Uingereza. Vita vilipoanza Agosti 1914, jeshi la nchi kavu la Uingereza lilikuwa dogo likilinganishwa na la Ujerumani au la Ufaransa. Waziri wa Vita, Lord Kitchener, akaita watu wajitolee, na mwaka ulipokwisha walikuwa wamejiandikisha zaidi ya milioni moja: makarani, wachimba makaa, wauza maduka, vijana wa mashamba. Wakati huohuo vita vyenyewe vilikuwa vimebadilika. Majeshi yaliyoanza kwa kukimbizana yalikuwa yamejichimbia ardhini, mstari mmoja wa mahandaki ukaenda kutoka mpaka wa Uswisi hadi Bahari ya Kaskazini, umbali wa kilomita 700 hivi. Askari aliyefundishwa kwata na kulenga shabaha peke yake alikuwa hajafundishwa kitu.

Ndiyo maana kukachimbwa mahandaki kila palipokuwa na kambi. Na usidhani zoezi lilikuwa kuchimba tu. Kuchimba ni kazi ya siku chache. Kuishi ndani ndiko kulikokuwa na shughuli. Kikosi kilipelekwa kupokea zamu usiku, bila taa, bila kusema, kila mtu na mzigo wake mgongoni, kikipita katika njia nyembamba zenye kona kila hatua chache huku kikosi kinachotoka kikijaribu kupita palepale. Wageni walipotea. Walijifunza kupeleka chakula na maji mbele gizani, kutengeneza tuta lililoporomoka, kuweka seng'enge usiku, kutoka nje kwa doria na kurudi bila kupigwa na wenzao wenyewe. Walijifunza pia kusafisha handaki la adui kipande baada ya kipande: mmoja anarusha bomu la mkono juu ya kona, wawili wenye singe wanakimbilia upande wa pili kabla vumbi halijatua. Hilo la mwisho ndilo linaloeleza umbo la mistari unayoiona kwenye picha, nami nitalirudia.

Mji unaoishi wewe, Southampton, ndio uliokuwa bandari kuu ya kupeleka wanajeshi Ufaransa. Kwa hiyo pwani hiyo yote, pamoja na Gosport na Portsmouth, ilikuwa imejaa kambi. Lakini mambo haya hayakuwa ya pwani ya kusini peke yake. Berkhamsted, kaskazini-magharibi mwa London, wanafunzi wa uofisa walichimba kilomita 13 za mahandaki kwenye ardhi ya malisho ya wanakijiji, na sehemu yake ndogo bado inaonekana kati ya kangaga na miti. Yapo Otterburn kule Northumberland, yapo Penally katika pwani ya Wales, yapo kwenye uwanda wa Salisbury. Na yapo Cannock Chase, nyika kubwa ya Staffordshire, ambako kambi mbili, Brocton na Rugeley, zilipitisha askari kwa maelfu. Brocton kuna kichekesho kidogo cha historia. Askari wa New Zealand waliosaidia kuuteka mji wa Messines, Ubelgiji, mwezi Juni 1917, walipata kambi pale baadaye, wakatengeneza mfano mdogo wa mji ule na mahandaki yake kwa saruji, pamoja na barabara na reli. Waliofanya kazi hiyo ya mikono walikuwa mateka wa Kijerumani. Watafiti waliufukua mwaka 2013, wakaupima, kisha wakaufukia tena ili mvua na baridi visiuharibu.

Utaona majina hayo mengi ni ya nyika au ya ardhi kame ya malisho. Sababu yake ndiyo inayojibu nusu ya swali lako. Nyika ya Uingereza, ile yenye vichaka vifupi vinavyochanua zambarau mwezi Agosti na vingine vya miiba vyenye maua ya njano, ni ardhi ya mchanga mchachu isiyofaa kwa shamba. Jeshi liliipata kwa bei ndogo, au lilikuwa nayo tayari. Mchanga ni rahisi kuchimba, ingawa huporomoka usipozuiwa kwa mabati, mbao au viroba. Vita vilipokwisha, mengine yalifukiwa haraka haraka na mengine yakaachwa yajiporomokee. Kisha, hapa ndipo penye siri, hakuna mtu aliyekuja kulima. Mahandaki yaliyochimbwa kwenye shamba lenye rutuba yalipita chini ya trekta na kusawazishwa katika misimu michache. Ya nyikani yalibaki kwa sababu ardhi yake haikuwa na thamani kwa mkulima. Vichaka vikayafunika na watu wakasahau.

Tuje kwenye picha. Kinachoonekana kwenye picha ya Browndown, na karibu zote za aina yake, ni kivuli na majani. Handaki lenyewe limeshajaa.

Nianze na kivuli. Handaki lililoporomoka huacha bonde jembamba lenye tuta dogo kila upande, pengine la sentimita 30 tu. Ukitembea juu yake kichakani mguu unashuka kidogo, unapanda kidogo, wala hushtuki. Ardhi ya nyika yote iko hivyo. Lakini jua likiwa chini, tuseme nyuzi 10 juu ya upeo wa macho, tuta hilo la sentimita 30 linatupa kivuli cha mita 1.7. Uingereza iko mbali sana kaskazini, na Desemba hata saa sita mchana jua la Gosport halipandi zaidi ya nyuzi 16 hivi. Kwa hiyo siku ya baridi yenye anga safi, nyika nzima inajichora yenyewe kwa vivuli. Rubani akipita juu wakati huo, kila tuta limepigiwa mstari mweusi, na macho yanaunganisha vipande ambavyo mtu wa chini anaviona kimoja kimoja. Wewe uliona shimo hapa na kinundu pale. Picha iliona shimo lile na kinundu kile viko kwenye mstari mmoja wa mita 200 wenye kona kila baada ya hatua chache. Ardhi haifanyi kona za mraba kwa bahati.

Majani ndiyo shahidi wa pili, na mimi humwamini zaidi. Ukichimba shimo kwenye ardhi ya nyika utakuta juu tabaka jembamba jeusi la majani yaliyooza, chini yake mchanga wa kijivu uliofuliwa na mvua mpaka ukapauka, na chini zaidi tabaka gumu la rangi ya kutu, ambako madini ya chuma yaliyosombwa na maji yameganda. Tabaka hilo la kutu huzuia maji na mizizi. Askari wa mwaka 1915 alipochimba mita moja na nusu alilivunja, akarusha vipande vyake juu ya tuta pamoja na mchanga wa chini. Miaka 40 baadaye mpangilio wa awali haujarudi. Ndani ya handaki lililojaa, maji yanakwenda tofauti na pembeni. Juu ya tuta, udongo ni mchanganyiko. Vile vichaka vya maua ya zambarau vinapenda udongo maskini ambao haujaguswa. Palipovurugwa, majani ya kawaida na kangaga huwahi kuingia. Kwenye picha ya nyeusi na nyeupe, vichaka vinatoka vyeusi, majani yanatoka meupe. Unapata mstari mweupe katikati ya nyika nyeusi hata siku isiyo na jua.

Uwanda wa Salisbury ni hadithi nyingine. Pale chini ni chokaa nyeupe, na handaki likichimbwa linaonekana kama limechorwa kwa chaki, ingawa nyasi zikishalifunika unarudi kwenye kivuli na majani vilevile.

Kwa nini picha ya miaka ya 1950 na si ya leo? Kuna sababu mbili. Baada ya Vita Kuu ya Pili, jeshi la anga la Uingereza, RAF, liliruka juu ya nchi nzima likipiga picha kutoka juu moja kwa moja, kwa ajili ya kuchora ramani na kupanga ujenzi wa miji iliyoharibiwa. Kazi hiyo ikaendelea hadi miaka ya 1950. Nchi chache duniani zilipata kupigwa picha kwa ukamilifu namna hiyo mapema hivyo. Sababu ya pili ni sungura. Nyika wakati ule zilikuwa wazi: mifugo ilikula humo kwa karne nyingi, watu walikata vichaka kwa kuni, na sungura walikata kila chipukizi. Mwaka 1953 ugonjwa wa miksomatosi uliingia Uingereza na kuwaua karibu wote. Mifugo nayo ilikuwa imepungua. Miti ya misonobari na mibetula ikapata nafasi, na vichaka vya miiba vikanenepa. Kwa hiyo picha iliyopigwa mapema ilikuta ardhi ikiwa bado na nywele fupi. Ukipiga leo kwa droni yako nzuri ya bei mbaya, huenda usipate hata robo ya kile alichokipata rubani yule.

Wakati mwingine moto hufanya kazi ya sungura. Mwezi Agosti 2018, kiangazi kikali kilipochoma vichaka vya miiba kule Bray Head, Ireland, helikopta ya polisi iliona herufi kubwa za mawe, EIRE, zikitokea kwenye majivu. Zilikuwa zimewekwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ili marubani wajue wamefika juu ya nchi isiyopigana, halafu vichaka vikazimeza.

Kuna jambo la vitendo hapa kuhusu ukubwa. Picha nyingi za RAF za kipindi kile ziko katika kipimo cha 1 kwa 10,000. Handaki lenye upana wa mita 1.5 linakuwa milimita 0.15 kwenye karatasi: uzi. Pamoja na matuta yake mawili labda linafikia nusu milimita. Kwa macho matupu unaweza kuliona kama mkwaruzo na ukaliacha. Wasomaji wa picha hutumia lenzi na kifaa kiitwacho stereoskopu. Ndege ilipiga kila picha ikirudia asilimia 60 ya eneo la iliyotangulia, ili sehemu moja iwe imetazamwa kutoka mahali pawili. Ukiziweka mbili chini ya stereoskopu, kila jicho na picha yake, ardhi inanyanyuka: matuta yanasimama, mabonde yanazama. Ukikosa kifaa hicho, angalau geuza picha ili vivuli viangukie upande wako wewe unayetazama. Ukiitazama kinyume, ubongo hudanganyika na kuona bonde kuwa tuta na tuta kuwa bonde. Nimeshuhudia watu wazima wakibishana dakika nzima juu ya jambo hilo, na dawa ilikuwa kugeuza karatasi.

Sasa umbo. Chukua ukuta wa Ngome Kongwe ya Unguja, yale meno yake ya juu, uulaze chini ukiutazama kutoka angani: hilo ndilo handaki la mbele la Vita Kuu ya Kwanza. Askari alisimama kwenye kipande cha kupigania chenye urefu wa mita tano na nusu hivi, kisha handaki likakunja kuzunguka kizuizi cha udongo wa asili kilichoachwa bila kuchimbwa, chenye unene wa mita tatu au zaidi, likarudi mbele kwa kipande kingine, na kuendelea. Kombora likiangukia ndani ya kipande kimoja, vipande vya chuma vinaishia kwenye kizuizi. Adui akiingia na bunduki ya rashasha, hawezi kufyatua kwa mstari mmoja akamaliza watu wote. Na ndiyo maana ya lile zoezi la bomu la mkono nililotaja: kila kona ilipaswa kutekwa peke yake.

Nyuma ya handaki la mbele hutafuta mstari wa pili, wa akiba, wenye umbo hilohilo. Kati ya miwili hiyo kuna mahandaki ya kupitia, haya yakienda kwa nyoka-nyoka au kwa zigizaga, maana kazi yake ni kupitisha watu na mizigo na hayahitaji sehemu za kupigania. Mbele, kuelekea uwanja mtupu, unaweza kuona vijia vifupi vinavyochomoza kama vidole na kuishia ghafla. Mwisho wake alikaa mlinzi wa kusikiliza usiku. Pembeni mwa mahandaki kuna vishimo vya mraba, mabaki ya mahandaki ya kulala au vyoo. Ukiviona vyote hivyo pamoja kwenye picha, huhitaji kuulizia tarehe sana. Vita Kuu ya Pili havikuchimba hivyo. Vyenyewe vinaacha vishimo vifupi vya watu wawili watatu, vimetawanyika, vingine vyenye umbo la herufi L au V.

Vita vya Pili viliacha pia kitu kingine kinachowachanganya wengi kwenye nyika. Mwaka 1940 Waingereza waliogopa Wajerumani watatua kwa ndege zisizo na injini kwenye ardhi yoyote pana na tambarare. Nyika za mashariki, kule Suffolk, zikachimbwa mitaro mirefu iliyonyooka, inayokatana kwa miraba, udongo ukirundikwa pembeni. Hata Sutton Hoo, ambako mwaka mmoja kabla palifukuliwa meli ya mazishi inayodhaniwa kuwa ya mfalme wa kale wa Kianglo-Saksoni, ilipitiwa na mitaro hiyo. Kwenye picha inavutia sana, lakini haina jino hata moja. Hakuna aliyekusudia kusimama ndani yake.

Na kuna mistari isiyo ya vita kabisa: njia za kuzuia moto, mitaro ya kukausha maji, alama za vifaru vya mazoezi, mipaka ya zamani ya malisho. Sheria yangu ni rahisi: nisipoona kona za mraba zinazojirudia kwa urefu uleule, sitamki neno handaki. Hata nikiziona, picha peke yake haitoshi. Mtu lazima aende na karatasi mkononi, apime, atafute kama misumari ya mabati na vipande vya seng'enge vipo, alinganishe na ramani za kipindi hicho na kumbukumbu za vikosi. Mahandaki mengine yalichimbwa mwaka 1915, yakarekebishwa 1917, na yakatumiwa tena na watoto wa askari walewale mwaka 1940. Picha moja inaonesha tabaka zote zikiwa zimelaliana.

Ustadi huu wenyewe, niseme pembeni, ulizaliwa juu ya mahandaki ya kweli. Mwezi Machi 1915 Waingereza walishambulia Neuve Chapelle, kaskazini mwa Ufaransa, wakiwa na ramani za mahandaki ya Wajerumani zilizochorwa kutokana na picha za ndege, jambo ambalo jeshi lao lilikuwa halijawahi kulifanya kwa ukubwa ule. Mmoja wa watazamaji walioruka pamoja na marubani katika miaka ya baadaye ya Vita Kuu hiyo alikuwa O.G.S. Crawford. Aliangushwa na kutekwa mwaka 1918. Mwaka 1920 akawa afisa wa kwanza wa akiolojia katika idara ya ramani ya Uingereza, akafundisha kizazi kizima kusoma kivuli na majani ili kupata makaburi na mashamba ya kale.

Leo kuna lida. Ndege inarusha miale ya leza kwa wingi, mingi inagonga majani, michache inapenya na kufika ardhini, na kompyuta huondoa ile ya majani ikabaki sura ya ardhi tupu. Cannock Chase, ambako miti imefunika sehemu kubwa, lida imetoa mahandaki ambayo picha za kawaida zisingeweza. Lakini usiione kuwa dawa ya kila kitu. Kichaka cha miiba kilichoshikamana kinazuia mwale sawasawa na kinavyozuia mtu, na data ya kawaida yenye kipimo kimoja kila mita inasawazisha handaki jembamba hadi likafutika. Kwa nyika iliyozibwa na vichaka, mimi bado natafuta picha ya zamani kwanza.

Wewe unaweza kuzitafuta bila kutoka nyumbani. Hifadhi ya kumbukumbu za picha za angani za Uingereza iko Swindon, chini ya shirika la Historic England. Tovuti yao ina picha kwa mamia ya maelfu za kutazama bure, na zilizobaki unaomba kwa kutaja mahali. Data ya lida ya Uingereza hutolewa bure na shirika la mazingira la serikali. Anza na eneo unalolijua kwa miguu, kwa sababu macho yako tayari yana ramani yake. Ukienda Browndown, angalia bendera: nyekundu ikipepea, usiingie, kuna mazoezi. Kifaa cha kutafutia vyuma usikibebe, kwenye ardhi ya jeshi ni marufuku. Na mwanao akiokota kitu cha chuma cha mviringo chenye kutu, akirudishe chini taratibu, mwondoke hapo, mpige simu polisi. Mahali walipofanyia mazoezi ya mabomu si mahali pa kufukuafukua.

Nimalizie na Taita. Wajerumani waliichukua Taveta Agosti 1914, na kwa mwaka mmoja na nusu nyika kati ya Voi na Kilimanjaro ikawa mpaka wa vita. Maktau, Mbuyuni na Salaita zote zilikuwa na ngome. Mwaka 1916 kulikuwa na ndege pale za kuchungulia adui, na kile kisa cha kilima cha Salaita kinaeleza mipaka ya kutazama kwa mbali vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Tarehe 12 Februari 1916 mizinga ya Waingereza ilipiga mahandaki yaliyoonekana juu ya kilima. Mstari wenyewe wa Wajerumani na askari wao ulikuwa chini, kwenye shina la kilima, ndani ya kichaka. Wanajeshi wa Afrika Kusini walioshambulia waliugundua walipokuwa wameshaingia kwenye risasi zake, na shambulio likavunjika.

Kwa hiyo kule kwenu mambo mawili ni tofauti na Browndown. Ardhi ina mawe, na mahali pengi waliinua kuta za mawe badala ya kuchimba kwenda chini, ambazo leo zimebomoka kuwa safu za mawe kichakani. Na jua la karibu na ikweta linapanda haraka hadi utosini, kwa hiyo saa za kivuli kirefu ni chache: saa moja hivi baada ya macheo na saa moja kabla ya machweo, wakati satelaiti nyingi za picha hupita katikati ya asubuhi kivuli kikiwa kimeshafupika. Utegemee majani zaidi. Chukua picha za Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, baada ya kiangazi kirefu na kabla ya vuli, kichaka kikiwa kimepukutisha. Fuata njia ya reli ya zamani ya kijeshi iliyotoka Voi, iliyofika Maktau mwaka 1915, utazame vilima vidogo vilivyo jirani nayo. Halafu waulize wachungaji wa eneo hilo. Wao wanajua ni ukuta upi wa mawe haukujengwa na mwenye ng'ombe.